Sindano na Sahani Katika Vilima vya Ndera

Atokaye katikati ya mji wa Kigali akaelekea mashariki, akayaacha nyuma maghorofa ya Remera na kuupita uwanja wa ndege wa Kanombe, huingia Ndera, tarafa ya wilaya ya Gasabo ambayo nusu yake ni mji na nusu yake bado ni shamba: huku Masoro, ambako viwanda vya eneo maalumu la uchumi vimejipanga kwa safu, kikiwamo kile cha kampuni ya BioNTech ya Ujerumani kilichoanza kujengwa mwaka 2022, na huku miteremko ya migomba, maharagwe na mihogo, ambayo wenyewe huilima kwa jembe la mkono kama walivyoilima wazee wao. Lakini kwa Mnyarwanda wa kawaida jina la Ndera halimletei fikira ya kiwanda wala ya mgomba. Humletea fikira ya hospitali ya maradhi ya akili, iliyoanzishwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité, shirika lililozaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, na iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 1972.

Nimeichagua Ndera kuwa mahali pa kusimulia habari za kisukari kwa sababu katika tarafa hii moja hukutana aina mbili za wagonjwa ambao vitabu vya utabibu huwaweka mbalimbali. Wa kwanza ni mkulima mwembamba, ambaye hajapata kuonja unene maishani mwake, apandaye na kushuka kilima kila siku na ndoo au jembe, na ambaye hata hivyo siku moja hujiwa na kiu isiyokatika, haja ndogo isiyompa usingizi, na mwili unaokwisha mbele ya macho ya watu wake. Wa pili ni yule ambaye uzito umemjia juzi: aliyeacha jembe akapata kazi ya kukaa, au aliyepata nafuu ya akili kwa dawa ambazo, pamoja na kumrudishia utulivu, zimemwamshia njaa. Wote wawili huambiwa maneno yale yale, kwamba wapunguze unene, wale kidogo, wafanye mazoezi. Na mimi naona kwamba maneno hayo, yaliyotungwa kwa ajili ya watu wa miji iliyoshiba, humwonea yule wa kwanza, na humfaa yule wa pili kwa sharti tu kwamba asiachiwe kuyatimiza peke yake.

Asili ya maradhi yenyewe si ngumu kufahamika. Chakula cha wanga kikisha kusagika huwa sukari katika damu, na sehemu kubwa ya mwili haiwezi kuipokea sukari hiyo ila kwa kazi ya insulini, itokayo katika kongosho. Damu iliyojaa sukari bila ya insulini ni kama jahazi lililofika bandarini siku ambayo mahamali hawakuja: shehena ipo, na mji una njaa. Kwa watu wengine, aghalabu watoto na vijana, kongosho huacha kabisa kutoa insulini, na hao hawana budi na sindano tangu siku ya kwanza. Kwa walio wengi, hasa watu wazima, insulini ipo lakini haitoshi, au mwili hauiitikii, nao huanza kwa vidonge vya metformini na mabadiliko ya maisha. Kati ya makundi hayo mawili wamo wengine ambao nchi masikini zinawajua zaidi kuliko Ulaya: vijana wembamba waliokulia katika uhaba wa chakula, ambao kongosho lao limedhoofika bila ya kufa. Wataalamu walibishana juu yao tangu walipoelezwa huko Jamaika mwaka 1955, na ni mwaka 2025 tu, katika mkutano wa Bangkok, ndipo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipowakubali kuwa aina ya tano. Mwambie mtu wa namna hii apunguze kula, nawe umemwongezea maradhi.

Kabla ya mwaka 1922 matabibu walikuwa na dawa moja tu ya kumpa mtoto mwenye kisukari, nayo ilikuwa njaa. Walimnyima chakula ili kifo kichelewe kwa miezi kadhaa. Tarehe 11 Januari mwaka huo, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya maji yaliyotolewa katika kongosho la ng'ombe, kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Dawa ilikuwa bado na uchafu na haikumfaa sana, ikasafishwa na James Collip, akachomwa tena siku ya 23, na sukari yake ikashuka. Wavumbuzi wakaiuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili isije ikawa mali ya mtu mmoja. Jambo hilo la insafu lafaa kukumbukwa na kila anayesimama leo mbele ya dirisha la duka la dawa akihesabu noti zake.

Hapa pana habari ambayo wachache wanaijua, na ambayo jina la Ndera hulazimisha isemwe. Katika miaka ya 1930 tabibu Manfred Sakel wa Vienna alianza kuwachoma wagonjwa wa akili insulini nyingi kwa makusudi, mpaka sukari yao ikaporomoka wakazirai, kisha akawarudisha kwa sukari, akiamini kwamba katika kuzirai huko akili hujipanga upya. Na hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zikamfuata kwa muda wa takriban miaka ishirini, wengine wakafia humo, mpaka uchunguzi wa miaka ya 1950 ulipoonyesha kwamba hapakuwa na faida ya hakika. Ndera ilipofungua milango yake mambo hayo yalikuwa yamekwisha. Lakini ni ajabu kufikiri kwamba dawa ile ile iliyokuwa ikiwazimisha wagonjwa wa akili kwa makusudi sasa inawahifadhi wale miongoni mwao waliopata kisukari. Kwani dawa za akili zilizo na nguvu zaidi, olanzapini na klozapini hasa, huongeza uzito na hupandisha sukari, na haifai mtu azitumie kwa muda mrefu bila ya damu yake kupimwa. Maradhi mawili yasiyokwisha hukaa hivyo katika mwili mmoja, na tabibu wa akili asiyetazama sukari amefanya nusu ya kazi.

Rwanda si nchi iliyoshambuliwa na kisukari kuliko nyingine. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 na 2013 ulikuta takriban watu watatu katika kila watu wazima mia. Shida yake ilikuwa nyingine. Insulini na wajuao kuitumia vilikaa katika hospitali chache kubwa, na mgonjwa alikaa kilimani. Chama cha wagonjwa wa kisukari cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1997, katika nchi ambayo hospitali zake zilikuwa bado zinatafuta waganga wa kujaza nafasi za waliouawa au kukimbia wakati wa mauaji ya kimbari, nacho kikashughulika na watoto na vijana, ambao bila ya insulini hawana maisha ya kuhesabiwa. Kisha katikati ya miaka ya 2000 shirika la Partners In Health, ambalo Wanyarwanda hulijua kwa jina la Inshuti Mu Buzima, likishirikiana na Wizara ya Afya, lilianza katika hospitali za wilaya za Rwinkwavu na Kirehe, na baadaye Butaro, kliniki ambazo mwenye kuziendesha ni muuguzi aliyefundishwa, wala si daktari bingwa: yeye huanzisha insulini, huipandisha na kuishusha, na humpeleka mbele yule tu aliyemshinda. Wengi waliona kwamba ni hatari kumwachia muuguzi kichupa cha insulini. Lakini mwezi Agosti 2022, katika mkutano wa Lomé, mawaziri wa afya wa kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani waliupitisha mpango wa aina hiyo, uitwao PEN-Plus, uwe wa bara zima.

Mtu wa Ndera, basi, akiwa na bima yake ya afya ya mutuelle, huanzia kituo cha afya kilicho karibu naye, na mambo yakizidi hupelekwa hospitali ya Kibagabaga, na yakizidi tena hupelekwa zile kubwa za mjini. Njia ipo. Kinachoikata mara nyingi ni hofu.

Hofu ya sindano haikuletwa na maumivu, kwa maana sindano ya insulini ni nyembamba na fupi, na aliyekwisha kuizoea husema kwamba kuchomwa kidole ili kupimwa damu kunauma zaidi. Imeletwa na hesabu mbaya ya sababu. Watu wameona jirani akitumia vidonge miaka kumi, akaandikiwa sindano, na baada ya mwaka akakatwa mguu au akapofuka. Wakakata shauri kwamba sindano ndiyo iliyomdhuru, ilhali iliyomdhuru ni ile miaka kumi ambayo sukari ilikuwa juu na hakuna aliyethubutu kumchoma. Nalaumu pia baadhi ya waganga na wauguzi, ambao kwa nia njema humtisha mgonjwa mkaidi kwamba asipoacha soda atachomwa sindano, wakaifanya dawa kuwa adhabu. Na siku ambayo dawa inahitajika kweli, mgonjwa huipokea kwa haya, huificha kwa mkwe na kwa majirani, na huruka siku asizoweza kujificha. Laiti angeambiwa tangu mwanzo kwamba kongosho la mwenye kisukari hudhoofika kwa miaka, hata akiwa mtiifu, na kwamba insulini ni kurudishiwa kile alichokuwa nacho, nadhani wengi wangeipokea mapema.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Insulini itumikayo sana katika vituo vya umma ni ile ya mchanganyiko, ambayo sehemu yake moja huanza kazi upesi na nyingine hukaa, na huchomwa asubuhi na jioni, takriban nusu saa kabla ya kula. Kichupa huviringishwa polepole kati ya viganja, bila ya kutikiswa kwa nguvu, mpaka weupe wake ulingane. Bomba huvutwa hadi alama aliyoandikiwa mtu, hewa hutolewa, na ngozi ya tumbo au ya paja hushikwa na kuchomwa. Mahali hubadilishwa kila mara, kwa sababu achomaye pale pale huota uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, na uvimbe huo huimeza dawa na kuitoa unapopenda wenyewe, hata mtu akashangaa kwa nini leo sukari imepanda na kesho imeshuka kwa kipimo kile kile. Wauguzi wenye uzoefu hulipapasa tumbo la mgonjwa kabla ya kumwongezea dawa. Wasio na uzoefu humwongezea.

Na jokofu? Nyumba nyingi za mashambani hazinalo, na kwa muda mrefu mafundisho yalikuwa kwamba asiye na jokofu hawezi kukabidhiwa insulini, hivyo watu wakawa wanatembea kila siku kwenda kuchomwa kituoni kama wafungwa waendao kuripoti. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hufaa kikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Lakini mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, kaskazini mashariki ya Kenya, ambako nyumbani kipimo hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaona kwamba insulini iliyowekwa katika joto la namna hiyo kwa wiki nne haikupungua nguvu ikilinganishwa na iliyokaa baridini. Ikiwa hali ni hiyo Dadaab, katika vilima vya Kigali, ambavyo viko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari na ambako joto la mchana ni la kiasi, chungu cha udongo kilichowekwa kivulini na kulowanishwa kwa maji chatosha kwa kichupa kinachotumika. La kuepukwa ni dirisha lenye jua, bati la juu, na jiko.

Sasa tufike penye kiini cha jambo, nacho ni kwamba insulini haisubiri. Ikisha kuingia mwilini hufanya kazi yake, chakula kiwe kimekuja au hakikuja. Mwenye mshahara na kabati lenye mkate hapati taabu; lakini mkulima ambaye katika miezi ya kungojea mavuno hula mlo mmoja, naye amechoma kipimo cha milo miwili kisha akaenda kulima mteremko tangu alfajiri, huanza kutetemeka, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, maneno yakampotea, na wapitao wakadhani amelewa. Katika tarafa yenye sifa kama ya Ndera wanaweza kudhani jambo jingine pia. Dawa yake ni ya papo hapo: vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ya Fanta, na baada ya robo saa apimwe tena, kisha ale. Ndiyo maana naona kuwa swali la kwanza la muuguzi, kabla ya kuandika kipimo chochote, lingefaa liwe hili: Mama, jana mlikula mara ngapi, na saa ngapi? Kumwandikia mtu insulini bila ya kujua utaratibu wa chungu chake ni kumwandikia hatari. Kadhalika yule wa kiwandani Masoro, ambaye wiki hii yuko zamu ya mchana na wiki ijayo ya usiku, hawezi kuambiwa asubuhi na jioni kana kwamba jua ndilo linalompangia kula; huhitaji mtu wa kukaa naye na kupanga upya.

Kuhusu sahani yenyewe, Mnyarwanda ana neema moja na mtego mmoja. Neema ni maharagwe, ambayo huliwa takriban kila siku, nayo hupandisha sukari polepole na hushibisha. Na pamoja nayo mchicha, ambao hapa huitwa dodo, na kisamvu, ambacho huitwa isombe. Mtego ni melanje ya mchana, ile sahani ya vihoteli ambayo mtu hujipakulia mara moja tu, na kwa kuwa ni mara moja huijenga mlima: wali, ndizi, viazi mviringo, makaroni, ugali wa muhogo, na juu kabisa kijiko cha maharagwe na kipande cha nyama. Vyakula vitano vya wanga katika sahani moja si wingi wa namna, ni chakula kimoja kilichorudiwa mara tano. Hakuna haja ya kumletea mgonjwa wa Ndera vyakula vya kigeni vya dukani. Ageuze tu nafasi, maharagwe na mboga vichukue nusu, na wanga mmoja uchukue kilichobaki. Chai ya maziwa inywewe bila vijiko vinne vya sukari, jambo ambalo kwa siku za kwanza ni msiba kuliko sindano. Maziwa mgando yanafaa, kwa kiasi, yasipotiwa sukari. Ama pombe ya ndizi, uovu wake kwa mwenye kuchoma insulini si sukari yake tu: pombe hulizuia ini lisitengeneze sukari mpya, na mtu aliyelala nayo tumboni bila ya kula aweza asiamke.

Kwa yule wa pili, ambaye uzito umemjia, mabadiliko ya maisha yana nguvu ambayo miaka ishirini iliyopita hatukuijua. Uchunguzi wa Uskochi na kaskazini ya Uingereza uliotangazwa mwaka 2017, wa watu ambao kisukari chao hakijazidi miaka sita na ambao hawajaanza insulini, ulikuta kwamba karibu nusu ya waliopunguza uzito kwa utaratibu mkali walikuwa baada ya mwaka mmoja hawana tena kisukari cha kupimika, na hawatumii dawa. Lakini walisaidiwa: walipewa chakula, wakapewa watu wa kuwafuata kila mwezi. Kigali imefanya lake, kwani tangu Mei 2016 hufunga barabara zake kuu baadhi ya Jumapili asubuhi ili watu wakimbie na kutembea, na kando ya njia hupimwa sukari na shinikizo la damu bila ya malipo. Ni jambo zuri, ila aliyetoka wodini Ndera na dawa zinazomlaza mpaka saa nne hataonekana huko, naye ndiye aliye na haja zaidi.

Katika Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Kigali ambako Kiswahili kimezoeleka kuliko kwingine, swali la sindano na saumu ya Ramadhani huja kila mwaka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikata shauri mwaka 1997, huko Jeddah, kwamba sindano ya tiba isiyokuwa ya kulisha haifunguzi saumu. Na mgonjwa ambaye kufunga kutamdhuru ana ruhusa ya kula. Aghalabu anayepata taabu ni yule asemaye na imamu wala hasemi na muuguzi, akafunga kwa kipimo kile kile cha asubuhi.

Zimekuja sindano nyingine, zisizo za insulini. Asili ya sindano ya kwanza kati ya hizo ni mate ya mjusi mmoja wa jangwa la Marekani, aitwaye Gila. Iliruhusiwa huko mwaka 2005, na baada yake zikaja zichomwazo mara moja kwa wiki, semaglutidi na tirzepatidi, ambazo hushusha sukari, huzima njaa na hupunguza uzito, hata matajiri wasio na kisukari wakazigombania. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari wenye unene na maradhi ya moyo au ya figo. Kwa yule aliyenenepeshwa na dawa za akili huenda zikawa faraja kubwa, bei ikishuka. Kwa mkulima mwembamba hazina kazi, kwa kuwa yeye hana unene wa kupunguza wala njaa ya ziada ya kuzimwa.

Ningeulizwa kitu gani kitangulie kufika Ndera, sindano hizo au vijiti vya kupimia damu, ningejibu vijiti. Achomaye insulini bila ya kujua sukari yake ya asubuhi hubahatisha, na muuguzi aliye mwaminifu, akiogopa kumwangusha, humwachia sukari yake juu. Mgonjwa asiye na kipimo nyumbani, afikaye kituoni mara moja kwa mwezi kuchukua kichupa chake, hupimwa mara moja kwa kila sindano sitini.